Ndoa ya Laini na Kokoto

Maua yalifunguka meupe.

Kwa mtu mwingine hilo si neno. Ua la haragwe liwe jeupe au la zambarau, chungu ni kilekile, na mpita njia angesema shamba limependeza. Mimi nilisimama katikati ya mistari, daftari mkononi, viatu vimelowa umande, nikatamani nimpate mtu wa kumgombeza. Mimea mia mbili na kumi na saba, na kila nilipogeuka nakuta weupe.

Niieleze kwanza kazi yenyewe, maana watu wakisikia "mtafiti wa mbegu" hudhani nashinda kwenye darubini. Kituoni kwetu tulikuwa na aina mbili za maharage. Moja tuliiita Laini. Inaiva upesi, mchuzi wake mzito, wapishi wanaipenda, lakini ugonjwa wa kuoza mizizi ukiingia shambani haubaki hata mmea wa kusimulia. Nyingine tuliiita Kokoto. Punje zake ndogo, nyeusi, ukizibandika jikoni asubuhi, mchana bado zinagombana na meno. Ila mizizi yake ugonjwa unaipita kando. Tulitaka mtoto mwenye mizizi ya Kokoto na punje za Laini. Kwa hiyo tukawa tunawaozesha. Ndivyo wanavyosema wafanyakazi wote pale, kuozesha, na anayecheka ni mgeni peke yake.

Laini ana ua jeupe, Kokoto ana ua la zambarau. Unachukua kitumba cha Laini kabla hakijafunguka, unakipasua kwa ncha ya kibano, unang'oa vifuko vyake kumi vya chavua kimoja kimoja, kisha unapaka chavua ya Kokoto. Mbegu itakayopatikana, ukiipanda, itatoa ua la zambarau, kwa sababu rangi ya baba ndiyo inayoshinda. Ikitoa jeupe, basi ndoa haikufungwa. Ua lilikuwa limeshajichavusha lenyewe kabla mshenga hajabisha hodi.

Na mshenga alikuwa mama yangu.

Sisemi kwa mafumbo. Mama yangu mzazi alichavusha maua katika banda la nailoni la kituo kwa miaka ishirini na minane, na "Mshenga" ndilo jina aliloitwa na kila mtu, tangu getini mpaka ofisi ya mkuu. Nilisoma kwa kibano chake. Nilipomaliza chuo nikarudi palepale, nikakabidhiwa mradi, na katika orodha ya watu walio chini yangu jina la kwanza likawa lake. Kazini aliniita Bosi mbele za watu, kwa adabu iliyojaa kejeli. Nyumbani aliniambia, "Bosi, sufuria hazijioshi."

Mkuu wa kituo alifika shambani saa tatu. Ni mtu mwema, ila subira aliisahau kwao. Alitazama mistari, akavua kofia, akaivaa tena.

"Msimu mzima," akasema.

"Msimu mzima, mkuu."

"Nilikwambia mapema. Lila na fila havitangamani. Huyo Kokoto ni wa porini mno, haoani na mtu. Niandikie ripoti kufikia Ijumaa, useme wazazi hawa hawachanganyiki. Tumtoe kwenye mpango, tutafute baba mwingine."

Kumtoa Kokoto maana yake ni mbegu zake kurudi kwenye chumba cha baridi, ndani ya bahasha, na bahasha ikishaingia mle inaweza kumaliza miaka kumi bila kuguswa. Huku nje, kila wiki mkulima mmoja au wawili huja getini na mfuko wa plastiki. Ndani ya mfuko mna mizizi myeusi inayonuka. Wanauliza kama kuna dawa, na sisi tunawaambia kuna mbegu inakuja. Miaka minne tulikuwa tunawaambia hivyo.

Nikaitikia kwa kichwa. Mkuu akaondoka, nikaanza upya mstari wa kwanza, polepole, mmea baada ya mmea. Kila mmoja una kibandiko chake: namba, jina la mama, jina la baba, tarehe ua lilipochavushwa, na herufi ya mchavushaji. Mama huandikwa kwanza, baba baadaye, ndiyo kanuni ya kazi yetu. Herufi ilikuwa M kote.

Kwenye mstari wa tisa nikaona zambarau.

Mimea mitatu ilikuwa imesimama pamoja, na maua yake yalikuwa ya rangi ya Kokoto wazi kabisa. Nilipiga magoti kwenye matope nikasoma vibandiko. Tarehe ilikuwa moja kwa yote mitatu, kumi na nne. Nikafungua daftari nikaitafuta siku hiyo. Kwa maua ya siku nyingine, yalipokomaa, Mama aliniletea mbegu ishirini, ishirini na tano, mara nyingine thelathini. Kwa maua ya tarehe kumi na nne aliniletea ganda moja, lenye mbegu tatu.

Na niliikumbuka siku alipolileta. Nilimtania mbele ya watu wakati wa chai. "Siku hii Mshenga ulilala?" nilimwambia. "Mbegu tatu kwa siku nzima?" Watu wakacheka. Yeye akapuliza chai yake.

Nilipaswa kuwa nimeshtuka mapema, na hili ndilo linaloniudhi mpaka leo. Kila mchavushaji anajua kwamba ndoa za kweli zina matatizo. Ua ulilolichokoa kwa kibano linaumia; nusu ya maganda hudondoka, na yanayobaki huwa na mbegu mbili, tatu, zimekonda. Maganda ya Mama msimu ule hayakudondoka. Yalinenepa, mbegu tano, mbegu sita, kama maharage ya shambani tu. Na mimi badala ya kujiuliza nikajisifu. Nilizunguka kituoni nikisema chanda chema huvikwa pete, njooni muone mkono wa mama yangu.

Na kuna jambo jingine. Utaratibu unataka msimamizi akague maua kumi kila jioni, ayatazame kwa kioo cha kukuzia, ndipo asaini "Imekaguliwa". Nilisaini kila jioni bila kukosa. Sikutazama hata ua moja. Nani anakagua mapishi ya mama yake?

Jioni ile nilimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua mchele. Macho yake yalikuwa ukutani. Vidole vilitembea juu ya mchele, vikisimama penye kijiwe, vikikitoa, vikiendelea. Siku zote niliona huo ni ufundi.

"Mama, tarehe kumi na nne ya mwezi ule wa kuchavusha ulifanya nini?"

"Nilikula, nikalala. Upolisi umeuanza lini?"

"Nauliza tu."

"Na mimi nimejibu tu. Hebu nitungie uzi kwenye hiyo sindano hapo, mikono yangu ina mafuta."

Niliichukua sindano. Nilikuwa nimeshaupitisha uzi nilipokumbuka kwamba mchele hauna mafuta. Nikaanza kuhesabu mara ngapi, tangu mwaka uliopita, nimemtungia uzi mwanamke huyu kwa sababu mikono ina mafuta, ina unga, ina sabuni. Nilimpa sindano, akaipokea baada ya kukosa kidogo, kama mtu anayepokea kitu gizani, na taa ilikuwa inawaka.

Asubuhi nilipofika getini nilimuuliza mlinzi. Siwezi kudai kwamba nilikuwa nimeshajua. Nilimuuliza kwa kuwa hakuna kinachompita mlinzi yule.

"Tarehe kumi na nne?" akasema. "Siku ile mimi siwezi kuisahau. Mama yako aliazima miwani yangu ya kusomea. Nikamwambia unirudishie mchana, akaileta jioni. Siku nzima nimeandika namba za magari kwa kubahatisha. Gari la maziwa nililipigia saluti nikidhani ni la mkuu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Aliniambia ni siri." Akajinyoosha. "Na mimi ni mlinzi."

Mama alikuwa bandani tayari. Joto la nailoni lilikuwa halijaanza kuuma, na vyungu vya Laini vilikuwa vimejipanga mbele yake, vimejaa vitumba. Nilivuta ndoo nikaigeuza, nikakaa karibu naye.

"Mama, nichagulie kitumba kimoja."

"Bosi anataka kufundishwa leo?"

"Nataka."

Akainama, akatafuta kidogo, akashika kimoja kikubwa, kimejaa, ncha yake imeanza kulegea. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angejua hicho si cha kuozesha. Kinafunguka saa hiyohiyo, na chavua yake imeshamwagika ndani. Pembeni yake, kwenye kikonyo kilekile, palikuwa na kingine kidogo, kigumu, cha kijani chenye mstari mweupe. Ndicho hasa.

"Na hicho kidogo cha pembeni?"

"Kipi?" akauliza.

Kilikuwa kama shubiri moja kutoka puani kwake. Nilishikwa na hasira kwanza, hasira za kweli, za msimu mzima na mifuko ya mizizi iliyooza. Kisha aibu ikaja ikaikalia hasira ile, na aibu ilikuwa nzito zaidi. Nilikuwa naishi naye nyumba moja.

"Tangu lini, Mama?"

Akakiachia kitumba. Hakujifanya haelewi, na nilimshukuru kwa hilo.

"Mwaka juzi ilikuwa ukungu wa asubuhi tu. Nikasema ni umri. Halafu vile vidogo vikaanza kunipotea. Nikawa nachukua vile ninavyoviona."

"Lakini vile unavyoviona vimeshapitwa."

"Mwana, hilo nani alikufundisha?" Sauti yake ilipanda kidogo, ikashuka. "Nilikuwa najipa moyo kwamba nawahi. Nilikuwa naamka alfajiri ili niwahi. Siku ya miwani ya mlinzi ndiyo niliyojua. Niliona vitumba vidogo vimejaa kila mahali, kumbe miezi yote vilikuwepo. Siku ile nilifanya maua nane tu, polepole, na baadaye saba yakadondoka."

"Na mimi nikakucheka."

"Ulicheka, ndiyo."

Nje mtu alikuwa anamimina maji kwenye pipa. Nilingoja amalize.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimwambie nani? Mwanangu au bosi? Nikimwambia mwanangu, bosi anasikia. Ungebaki unachagua kati ya kunitoa bandani na kunifichia. Sikutaka uchague, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuzaa, nilitaka nikubebee na hilo."

Nilimpenda sana wakati ule, na nilitaka kumtikisa mabega. Badala yake nikafanya alichokuwa akikiogopa. Nikachagua.

"Nitaandika joto," nikasema. "Wiki zile banda lilikuwa linawaka, kila mtu anakumbuka. Nitasema chavua ya Kokoto ilikufa kwa joto. Hakuna atakayebisha. Wewe utaomba likizo ya ugonjwa, tutakwenda kwa daktari wa macho kimyakimya."

Mama akageuza uso kunielekea. Sijui aliniona kiasi gani.

"Halafu?"

"Halafu tunarudia msimu ujao."

"Harudii mtu. Nimefanya kazi na wakuu sita mimi. Huyu atasema, kumbe Kokoto hawezi joto, na mkulima gani anataka haragwe lisiloweza joto? Utakuwa umemzika mwanamume asiye na kosa." Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. "Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nimeuficha, na kweli sikuzaa. Mia mbili na ngapi vile?"

"Kumi na saba. Mitatu ni ya kweli."

"Basi si tasa kabisa," akasema, akasimama, akajikung'uta khanga. "Twende kwa mkuu."

Ofisini alisema yeye mwenyewe, wima, bila kuzunguka. Alieleza macho, vitumba vikubwa, miwani ya mlinzi. Alimweleza mkuu kwamba wazazi wale wanaoana vizuri tu, na ushahidi umesimama mstari wa tisa, aende akautazame. Mkuu alimsikiliza bila kugusa simu yake iliyokuwa inaita. Nilimwona uso ukimbadilika, maana na yeye alipofika pale akiwa kijana, mtu wa kwanza kumwonyesha jinsi ya kushika kibano alikuwa Mshenga.

"Kwa hiyo Kokoto anabaki," akasema mwishowe. "Na wewe, Mama, hushiki ua tena mpaka daktari aseme. Samahani."

"Ndiyo haki," Mama akajibu.

Kisha mkuu akanigeukia mimi. "Na ukaguzi wa jioni? Maua kumi kila siku, hukuona kitu?"

Nilifungua mdomo. Mama akaniwahi.

"Alikagua," akasema. "Nilikuwa namwonyesha yale mazuri."

Mkuu akaitikia. Na mimi, mwenye shahada mbili, niliyafunga meno nikanyamaza. Mwanamke aliyekataa nimsemee uongo wa joto alikuwa amenisemea mimi uongo bila kupepesa, nami nikaupokea kama mtoto anayepokea peremende.

"Basi liingizeni kwenye kitabu," mkuu akasema, "lijulikane."

Kitabu cha shamba kinakaa bandani, juu ya rafu, kimefungwa kwa mpira. Kina sheria zake. Kinaandikwa kwa kalamu ya wino, na hakifutwi. Ukikosea unakata kwa mstari mmoja tu, ili kosa lisomeke, kwa sababu anayekuja baada yako anahitaji kujua ulidhani nini kabla ya kujua ulichopata. Wiki yangu ya kwanza kazini nilipaka wino mweupe juu ya namba niliyoikosea. Mama alinivuta pembeni akaninong'oneza, "Bosi, humu hatupaki poda."

Nikakifungua. Mama akakaa kwenye kigoda chake, mikono mapajani, akisikiliza.

"Andika jina langu," akasema. "Si M. Andika jina lote."

Nikaandika jina lake lote. Nikaandika kwamba mchavushaji alichagua vitumba vilivyokomaa kupita kiasi kwa sababu ya macho, isipokuwa tarehe kumi na nne. Kwamba mimea mitatu ya siku hiyo imethibitika kwa rangi ya ua. Kwamba Laini na Kokoto wanachanganyika. Nilimsomea. Akaridhika, akaanza kutafuta kwa mguu ndala yake iliyokuwa imeteleza chini ya meza.

Mguu ukasimama.

"Mbona kalamu bado inatembea?"

Nilikuwa sijamaliza.

"Mwana, nakuuliza. Soma hicho."

Nikasoma. "Msimamizi alisaini kila jioni na hakukagua hata ua moja. Maganda yaliponenepa kupita kawaida, alifurahi. Kwa maua ya tarehe kumi na nne mchavushaji alileta mbegu tatu, msimamizi akamcheka."

"Kikate," akasema haraka. "Mkuu ameshaelewa vingine. Kikate."

"Mstari unakatwa kwa kosa, Mama. Hili si kosa, ndivyo ilivyokuwa."

"Watakusumbua."

"Wanisumbue."

"Basi hilo la kucheka. Hilo silo la kitabu."

"Ndilo hasa."

Joto lilikuwa limeanza kuingia, nailoni ikilia taratibu juu ya vichwa vyetu. Mama akanyoosha mkono, akaupapasa ukurasa kutoka juu, taratibu, kama anavyopapasa mchele, mpaka akafika pale wino ulipokuwa haujakauka. Kidole kikasimama hapo. Alipokiondoa kilikuwa kimechafuka, na alama yake imebaki juu ya neno la mwisho.

"Nimekiharibu?" akauliza.

"Hapana. Kinasomeka."

Akajifuta kidole kwenye khanga. Niliona midomo yake inacheza. Kisha akakipigapiga kigoda chake mara mbili, akahamia kwenye ndoo yangu.

"Haya, kaa hapa," akasema. "Saa zinakwenda na hivyo vidogo havingoji. Nieleze unavyoviona, kimoja kimoja. Na hicho kibano, Bosi, usikishike kama jembe."